Nimemaliza miezi 18 ya dawa za TB sugu. Naomba tuseme ukweli kuhusu "jipe moyo"

Mama wa Wawili:

Wakuu, habari zenu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nne. Leo nauachia, maana kuna mtu yuko mwezi wa tano wa dawa zake saa hizi, na mimi mwezi wa tano nilitafuta maneno kama haya sikuyapata.

Nilikutwa na TB sugu baada ya kukohoa wiki sita huku nikijitibu kikohozi cha kawaida. Kipimo cha GeneXpert kilitoa jibu siku ileile: vimelea vipo, na rifampisini, ile dawa kuu ya TB, haiviwezi. Nikapangiwa miezi 18 ya vidonge bila sindano. Nikaambiwa nina bahati, kwa sababu waliotutangulia walichomwa sindano kila siku kwa miezi, na wengine walitoka kifua kimepona lakini masikio hayasikii tena. Neno hilo "bahati" nililipokea nikiwa nimeshika karatasi yenye majina ya dawa tano. Sikujua niliweke wapi.

Dawa zenyewe: bedakwilini, linezolidi, levofloksasini, klofazimini na sikloserini, na juu yake vitamini B6. Bedakwilini ni kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, kisha mara tatu kwa wiki mpaka miezi 6 itimie. Klofazimini ilinibadilisha ngozi ikawa nyeusi yenye wekundu ndani yake, hata watu wa karibu wakawa wananitazama mara mbili kabla ya kunisalimia. Linezolidi iliniachia ganzi kwenye nyayo. Nilitembea kama niliyevaa soksi nene saa zote. Kila mwezi kutoa makohozi, kila mwezi damu, na kupimwa umeme wa moyo kwa sababu bedakwilini inaweza kuvuruga mapigo.

Hayo yote niliyamudu. Kilichonishinda ni tabasamu.

Kila aliyekuja alikuja na lake. Jipe moyo. Usiukubali ugonjwa. Kinachoua ni mawazo, TB yenyewe haiui. Walisema kwa upendo, najua, na wengi wao walinibebea watoto wangu mgongoni siku ambazo sikuweza kusimama. Lakini nikajikuta nina kazi mbili: kumeza dawa, na kuwaonyesha watu kwamba nina moyo mkuu. Ile ya pili ilinichosha kuliko ya kwanza.

Mwezi wa tano nikaanza kuamka saa tisa usiku. Nalala chali, nawasikia watoto wakigeuka kitandani chumba cha pili, nawaza kwamba nyumba hii ingekuwa nyepesi bila mimi. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimetulia kabisa, napiga hesabu kama mtu anayepanga matumizi ya mwezi, na utulivu ule nikiukumbuka leo ndio unaonitisha. Kukicha natabasamu. Nilijihukumu kwamba imani yangu imeisha na kwamba mimi ni mama asiye na shukrani.

Aliyenitoa ni muuguzi wa kliniki. Hakuniuliza "unaendeleaje", maana jibu la hapo sote tunalijua. Aliniuliza: "Usiku unaamka saa ngapi, na ukiamka unawaza nini?" Nikamwambia. Hakushtuka wala hakunihubiria. Alivuta kiti akakaa, kisha akaenda kumwita daktari palepale. Daktari akaniuliza yale maswali tisa ya kupima sonona, moja baada ya jingine, mpaka lile la mwisho linalouliza kama umewahi kuona ni afadhali ufe. Nikajibu ndiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti.

Akaniambia sikloserini inafika mpaka kwenye ubongo. Inaweza kuleta sonona, hofu, ndoto za kutisha, wengine husikia hata sauti. "Mama, hii si tabia yako. Hii ni dawa." Wakaisimamisha, wakaweka nyingine mahali pake, wakanipa mshauri wa kuzungumza naye, na mume wangu akaelekezwa asiniache peke yangu usiku mpaka nitulie. Baada ya wiki kama tatu hivi niliamka asubuhi moja nikagundua kwamba ninataka kuoga. Ninataka, sijalazimishwa. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalia, na hicho kilikuwa kilio kizuri.

Sasa lililonileta ni hili. Huzuni inayokujia katikati ya matibabu marefu ni dalili. Inasemwa kliniki, kama unavyosema ganzi au kutapika. Mimi niliripoti nyayo zangu mwezi uleule zilipoanza kufa ganzi, lakini moyo wangu niliuficha karibu wiki saba kwa sababu nilifundishwa kwamba huo ni wa kuushinda mwenyewe.

Na tafadhali msinielewe vibaya: usiache wala kupunguza dawa kwa uamuzi wako. Vimelea vikionja dawa nusunusu vinazizoea, na mlango wa kurudi unazidi kuwa mwembamba. Sema, wakubadilishie wao.

Karibuni. Kila mwenye tiba yake ndefu, iwe ya ugonjwa gani, aseme yake.

---

Siku Nne:

Pole sana dada, na asante.

Mimi figo zote mbili zimekufa. Nasafishwa damu mwaka wa saba sasa: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, masaa manne kila mara. Nitasema kitu ambacho huenda kikauma: nyinyi wa miezi 18, au wa mizunguko sita ya dawa za saratani, mna tarehe ya mwisho. Sisi hatuna, labda upate figo ya kupandikizwa. Kwa hiyo maneno kama "vumilia kidogo, yataisha" kwangu hayana pa kushika.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nangoja kupona ili nianze kuishi. Nikaahirisha kila kitu. Nilikaa na hasira ya mtu aliyeibiwa, na hasira ile nilimmwagia mke wangu, ambaye alikuwa ndiye anayenipima maji ya kunywa kwa kikombe. Watu hawajui kiu yetu. Unapimwa uzito kabla ya mashine na baada, na kila ulichokunywa kinasimama pale kwenye mzani.

Kilichonibadilisha ni fundi wa mashine, mzee mmoja mpole. Alinisimulia kwamba mashine ya kwanza ilitengenezwa na daktari Willem Kolff huko Uholanzi mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya jeshi la Wajerumani. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Mwaka 1945 akapona mwanamke wa miaka 67. Lakini mashine ile haikumfaa mtu wa figo zilizokufa moja kwa moja, kwa sababu kila safari ilibidi kuharibu mshipa mwingine, na mishipa ikaisha. Mwaka 1960 ndipo Dkt. Belding Scribner, huko Seattle, alipopata njia ya kuacha mirija kwenye mkono ili mtu arudi tena na tena. Mgonjwa wake wa kwanza wa namna hiyo aliishi miaka 11.

Nilikaa na hiyo namba 11 wiki nzima. Kabla ya hapo, mtu kama mimi alikuwa na siku kadhaa tu. Nikaacha kujiuliza nitapona lini. Nikahesabu wiki: siku tatu ni za mashine, nne ni zangu. Jina langu humu limetoka hapo. Jumanne na Alhamisi nafanya kazi kamili. Jumamosi ni ya watoto. Jumapili napumzika na sipokei ushauri wa afya kutoka kwa mtu yeyote.

Siku za mashine bado nazichukia, na sijifanyi nazipenda.

---

Mshindi:

Nimesoma kwa makini, na mleta uzi nakupa pole. Ila ninapinga kidogo.

Mimi nilipata limfoma, saratani ya tezi. Kemo, yaani dawa za saratani, mizunguko sita, kila baada ya siku 21. Kila nilipoingia chumba kile nilijiambia leo nashinda. Sikuruhusu mtu alie mbele yangu. Nilimzuia hata mama yangu mzazi asije kwa sababu ya machozi yake. Leo ni mwaka wa nne na vipimo ni safi. Kwa hiyo mnapoanza kuwaambia watu wakubali huzuni, mnaweza kumvunja mtu ambaye tabasamu ndiyo fimbo yake ya mwisho. Akili inaongoza mwili. Ukishindwa kichwani umeshindwa.

---

Sista wa Zamu:

Mshindi, hongera kwa miaka minne, kutoka moyoni. Mimi ni muuguzi wa wodi ya saratani kwa miaka 14 na naomba nikujibu taratibu, kwa sababu unachosema nakisikia kila wiki na nimeona kinavyoumiza.

Mwaka 1989 daktari David Spiegel na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Lancet. Wanawake 86 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Waliokutana kila wiki kuzungumza hofu zao waliishi wastani wa miezi 36.6, wasiokutana miezi 18.9. Dunia ikashangilia: basi moyo unarefusha maisha! Watafiti wengine wakarudia ili kuhakikisha. Kule Kanada walichukua wanawake 235, wakatoa majibu mwaka 2001: muda wa kuishi haukutofautiana. Lakini maumivu na msongo vilipungua kwa waliokuwa kwenye vikundi. Spiegel mwenyewe akarudia na wanawake 125, na mwaka 2007 akaandika kwamba tofauti ile ya muda wa kuishi kwa jumla haikuonekana tena. Nampa heshima kubwa kwa kuandika hivyo. Mwaka huohuo James Coyne na wenzake wakatoa uchambuzi wa wagonjwa 1,093 wa saratani ya kichwa na shingo: hali yao ya moyo haikutabiri nani ataishi na nani atakufa.

Mnaona tofauti? Kutunza moyo kunapunguza mateso, na hilo peke yake ni sababu tosha ya kuutunza. Lakini moyo hauondoi uvimbe. Nimemkuta mgonjwa mara tatu, mara tatu kabisa kwa watu tofauti, akimwomba mume wake au watoto wake msamaha kwa sababu uvimbe umerudi. "Nisameheni, nadhani nilikata tamaa mahali." Mtu anaondoka duniani akidhani amejiua kwa mawazo. Siwezi kunyamaza nikisikia hivyo.

Na mleta uzi yuko sahihi kuhusu dawa kugusa akili. Si sikloserini peke yake. Dawa za jamii ya steroidi, ambazo tunazitoa na kemo nyingi, zinaweza kumfanya mtu asilale, awe na furaha isiyo yake siku mbili, kisha aporomoke siku ya tatu. Ukiliona hilo linajirudia kila mzunguko, liandike tarehe, utuonyeshe. Tunaweza kufanya kitu.

Anayesoma hapa na anapiga hesabu zile za saa tisa usiku: mwamshe mtu sasa hivi. Usingoje miadi.

---

Mshindi:

Sista nimekuelewa. Sitasema nimekubali yote, maombi yangu yalinibeba na hakuna atakayeniondolea hilo.

Lakini umenigusa mahali. Dada yangu alikufa kwa ugonjwa huuhuu miaka miwili kabla yangu. Alipambana kuliko mimi, alicheka na manesi mpaka siku ya mwisho. Sijawahi kukaa nikajiuliza, maneno yangu yale "ukishindwa kichwani umeshindwa" yanamsema nini yeye.

Nitampigia mama.

---

Mlinzi wa Usiku:

Naongea kwa upande wa sisi tunaouguza.

Mke wangu alipoanza kemo, wiki ya pili na ya tatu nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Nilimkuta bafuni amezishika. Nikasema nilichodhani ni cha kutia moyo: "Zitaota tena." Akaniambia, "Nazililia hizi. Hizo zitakazoota sizijui bado." Nilisimama pale mlangoni sina neno. Kwa miezi nilikuwa namjibu maswali ambayo hakuniuliza.

Nikajifunza kukaa. Kukaa tu, sakafuni, mgongo ukutani. Wanaume wenzangu, ni kazi ngumu, mikono inatafuta cha kutengeneza. Basi nikaipa mikono yangu kazi nyingine: daftari. Nikawa naandika kila siku joto la mwili, alichokula, alichotapika, alivyolala. Mzunguko wa tatu daftari lile ndilo lililoonyesha kwamba homa inaanza siku ya 10. Tulikuwa tumeambiwa kwamba siku za 7 mpaka 14 chembe nyeupe za damu ndipo zinaposhuka sana, na homa ya nyuzi 38 haingoji asubuhi. Tulikwenda usiku uleule. Nadhani hiyo ndiyo "kumtia moyo" niliyoifanya vizuri kuliko zote.

Jambo moja zaidi. Nilikataa msaada mpaka siku niliposinzia nikiwa nimesimama jikoni, sufuria ikiwa motoni. Anayeuguza naye ana kikomo. Tafuteni mtu wa kupokezana hata usiku mmoja kwa wiki, msione haya.

---

Kitambaa cha Bluu:

Hospitali ninayotibiwa ina kengele ukutani. Ukimaliza matibabu unaigonga, watu wanapiga makofi. Desturi hii ilianza mwaka 1996 katika hospitali ya MD Anderson, Houston, pale admirali mmoja, Irve Le Moyne, alipokuja na kengele siku aliyomaliza mionzi. Kule jeshi la majini ilikuwa ishara ya kazi kukamilika. Ni kitu kizuri. Nimewapigia makofi wengi.

Mimi saratani yangu imesambaa kwenye mifupa. Dawa zangu hazina mwisho, nazitumia maadamu zinafanya kazi. Kila wiki ya tatu napita mbele ya kengele ile, najua sitaigonga.

Kaka wa Siku Nne, ulipoandika kwamba huna tarehe ya mwisho, nilisoma mara mbili kisha nikaenda kumsomea binti yangu. Nilidhani niko peke yangu kwenye hilo. Tumaini langu mimi sasa ni dogo na lina miguu: picha ya mwezi ujao isionyeshe doa jipya, binti amalize muhula, nishone pazia la sebuleni. Nikimaliza moja naweka jingine. Wakiniambia "utapona" huwa nasema asante, maana wananipenda. Lakini aliyenifurahisha mwaka huu ni jirani aliyeniuliza pazia litakuwa la rangi gani.

---

Mgeni Humu:

Shikamooni. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu.

Nina TB sugu, niko kwenye ile dozi mpya ya miezi 6: bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Niko wiki ya saba. Kila asubuhi nikiona vidonge natapika hata kabla sijavigusa. Chumba nimehamishiwa cha pembeni, sahani yangu ni ya peke yangu. Naona aibu kulalamika kwa sababu mama hapa alikaa miezi 18 na wengine ni wa maisha. Nataka kuacha. Sijamwambia mtu.

---

Mama wa Wawili:

Mdogo wangu, marahaba. Umeshamwambia mtu, umetuambia sisi. Sasa kesho mwambie wa kliniki.

Kwanza ondoa hiyo aibu. Maumivu hayapimwi kwa kalenda ya mwenzako. Dozi yako ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kwa sababu wengi wa dozi ndefu kama yangu walikuwa wanaishia njiani, na miezi 6 ikija inakuja na uzito wake.

Pili, sahani. Mtu akianza dawa zinazoviweza vimelea vyake, uwezo wa kuambukiza hushuka haraka. Na TB hainasi kwenye sahani wala kijiko, inasafiri kwa hewa. Waombe wa kliniki wawaelimishe nyumbani kwako, na waulize ni lini uko salama kukaa na wenzako. Mimi waliniambia baada ya makohozi kuwa safi, na siku niliporudi mezani, mwanangu mdogo alisogeza kiti chake kikagusana na changu. Sijasahau mlio wa kile kiti.

Tatu, nikueleze kitu kilichonishika mkono kuliko maneno yote ya faraja. Niliuliza kwa nini miezi mingi hivi. Daktari mmoja kijana akachukua kalamu akanichorea nyuma ya cheti changu. Kimelea cha TB kinajigawa polepole sana, mara moja kwa masaa 20 hivi, wakati vijidudu vingi vya tumbo vinaweza kujigawa kwa dakika 20. Dawa nyingi hukipiga vizuri kikiwa kinajigawa. Na vingine hulala kabisa, havifanyi lolote, vinangoja. Sisi tunaona kikohozi kimekwisha na uzito umerudi, tunadhani vita imekwisha, kumbe vilivyolala bado vipo. Kila kidonge ni kukaa mlangoni kuvisubiri viamke. Tangu siku ile sikumeza tena ili nipone kesho. Nilimeza kwa sababu leo zamu ya mlango ni yangu.

Kuhusu kutapika: kutapika kwa kuona tu vidonge kupo, si utoto, mwili umejifunza. Waambie. Kuna dawa ya kuzuia kichefuchefu ya kumeza mapema kabla ya dozi. Uliza kama unaweza kubadilisha saa, au kula kitu chepesi kwanza. Mimi nilihama chumba. Nilikuwa namezea kitandani, nikaanza kumezea nje kwenye hewa. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza usirudie dozi kwa kubahatisha, wapigie wakuelekeze. Na miguu ikianza kuchoma au kufa ganzi, au macho yakaona ukungu, sema siku hiyohiyo. Hiyo ni linezolidi na wanahitaji kujua mapema.

Sisi nyumbani tulikuwa na neno letu. Siku ikiwa mbaya nilisema "leo mawingu", basi. Hakuna aliyeruhusiwa kuniuliza kwa nini, hakuna wa kunipa moyo. Watoto walijua mama atalala, chakula kitafunikwa, kesho tutaona. Mwezi wa nne mawingu yalikuwa siku tatu kwa wiki. Mwezi wa kumi na mbili yalikuwa siku moja kwa wiki mbili. Mume wangu ndiye aliyehesabu, mimi nisingejua.

Ukikubali, nitakuwa nakuuliza kila asubuhi kama umemeza. Swali hilo tu.

---

Sista wa Zamu:

Mgeni, kesho ukifika usiseme "naendelea vizuri" kwa mazoea. Andika kwenye karatasi usiku huu: natapika nikiona dawa, nataka kuacha. Wape karatasi ukishindwa kusema. Tunazipokea karatasi hizo, na tunajua zimegharimu nini.

---

Siku Nne:

Mdogo wangu, hiyo sentensi yangu ya mwanzo kuhusu tarehe ya mwisho isikunyamazishe. Niliandika kwa uchungu wangu. Wewe sema wako.

---

Mgeni Humu:

Nimerudi, samahani kwa kimya cha siku tisa humu.

Niliwapa karatasi. Muuguzi aliisoma, akaikunja akaiweka mfukoni mwake, akasema "asante kwa kuniletea hii". Nimepewa dawa ya kichefuchefu, nameza nusu saa kabla. Saa imesogezwa, sasa namezea baada ya kula. Nimetapika mara moja tu tangu hapo. Wamekuja nyumbani kuzungumza na baba. Bado nalala chumba cha pembeni kwa sasa, lakini jana baba alileta kiti chake mlangoni, dirisha likiwa wazi, tukasikiliza mpira redioni mpaka mwisho.

Siwezi kusema nina furaha. Juzi ilikuwa mawingu siku nzima.

Mama, jana hukuniuliza lakini nilimeza.

---

Mama wa Wawili:

Jana nilikuwa kliniki mwenyewe, ule ufuatiliaji wa baada ya kumaliza. Makohozi bado safi. Nisamehe kwa kutokuuliza.

Kesho Jumatatu, siku ya bedakwilini. Saa tatu asubuhi nitakuuliza.